Lenzi iliyotumika: kuinunua na kuiuza baadaye, au kuikodi? Hesabu ya mpiga picha wa Lubumbashi

Ukishaanza kuitwa kwenye ndoa hapa Lubumbashi, lenzi iliyokuja na kamera, ile ya milimita 18-55 (namba ikipanda, lenzi inavuta karibu zaidi), haichelewi kukuonyesha mwisho wake. Asubuhi kwenye komini, ofisi ya serikali ya kufungia ndoa, inafanya kazi. Kanisani inaanza kusumbua. Usiku ukumbini, taa za rangi zinazunguka na maharusi wanaingia wakicheza hatua kwa hatua, picha zinatoka nyeusi au zimetikisika. Unahitaji lenzi inayofunguka zaidi na kuingiza mwanga mwingi, f/2.8 au f/1.8 (namba ndogo, tundu kubwa), na mfukoni una dola mia chache. Mpya haiwezekani. Zimebaki njia mbili: kununua iliyotumika ukijua utaiuza siku moja, au kukodi kwa mwenzako kila kazi inapokuja.

Wengi huamua kwa kutazama bei mbili tu. Kununua dola 800, kukodi dola 25 kwa siku, basi kukodi ni rahisi. Ulinganisho huo hauna haki. Dola 25 ukizitoa zimekwenda. Dola 800 bado unazo, zimegeuka kioo na chuma, na sehemu kubwa yake inaweza kurudi mkononi. Kinachopaswa kulinganishwa na kodi ni ile sehemu isiyorudi.

Hesabu yenyewe

Chukua namba hizi za mfano, kisha uweke zako. Unanunua 70-200 f/2.8 iliyotumika kwa dola 800. Baada ya mwaka unaiuza 650. Njiani umenunua filta na kumlipa fundi wa kuisafisha, tuseme dola 30. Mwaka huo lenzi imekugharimu dola 180. Gawa 180 kwa 25 za kodi ya siku: unapata 7 na kitu. Ukiitumia siku nane au zaidi kwa mwaka, kununua kunashinda. Chini ya hapo, kodi.

Siku nane ni kidogo kwa mtu wa ndoa. Kiangazi peke yake, Juni hadi Agosti, kinaweza kumjazia Jumamosi zote. Ni nyingi kwa mtu ambaye wiki nzima anapiga picha za pasipoti na za bidhaa za maduka, na ndoa anaitwa mara moja moja.

Kuna jambo ambalo hesabu hiyo inalificha. Dola 800 zikilala ndani ya lenzi hazifanyi kazi nyingine. Kama pesa hizo ndizo zamu yako ya likelemba, mchango wa zamu, na nyumbani zilishapangiwa minerval, ada ya shule ya watoto, Septemba itakukuta unauza kwa haraka. Lenzi inayouzwa kwa haraka haipati 650. Tuseme inapata 500. Gharama ya mwaka imeruka kutoka 180 hadi 330, na zile siku nane zimekuwa siku kumi na nne. Kwa hiyo kila kijana anayeniuliza namwambia hivi: usinunue lenzi kwa pesa ambayo tarehe ya kuihitaji unaijua tayari. Hiyo ni pesa ya kukodi.

Upande wa pili wa jambo hilohilo ni kwamba shule zinapofunguliwa Septemba, lenzi nzuri hujitokeza, na mwenye pesa huru hununua vizuri. Mei, msimu wa ndoa ukikaribia, kila mtu anatafuta na hakuna anayepunguza.

Kuhusu kununua mpya sitasema mengi. Canon ilipotoa EF 70-200 f/2.8L IS II mwaka 2010, bei yake Marekani ilikuwa dola 2,499. EF 24-70 f/2.8L II ya mwaka 2012 ilianza kwa dola 2,299. Anguko kubwa la bei lilimpata mnunuzi wa kwanza. Wewe wa mkono wa pili au wa tatu unaikuta bei imeshatulia, inashuka polepole. Hesabu ya kununua na kuuza inafaa kwa sababu hiyo tu, na ukinunua mpya inavunjika siku unayofungua boksi.

Kiungio ndicho kinachoshika bei

Nataka ukae hapa zaidi, maana hapa ndipo watu wanapoteza pesa nyingi bila kujua. Bei ya kuuza tena haitokani na uzuri wa lenzi peke yake. Inatokana na idadi ya watu mjini wenye kamera ambayo lenzi hiyo inaweza kufungwa. Lenzi nzuri sana isiyo na mnunuzi ndani ya Lubumbashi, thamani yake ya kuuza ni kile atakachotaka kukupa mtu mmoja anayejua yuko peke yake.

Kiungio, yaani ile pete ya kufungia lenzi kwenye kamera, cha Canon EF kilianza mwaka 1987. Kamera za kiungio hicho, 700D, 80D, 6D, 5D Mark III, bado zinafanya ndoa kila wiki mjini kwetu. Mwaka 2018 Canon ilileta EOS R, kamera isiyo na kioo cha ndani, yenye kiungio kipya cha RF, na tangu hapo nguvu zake zimehamia huko. Wako wanaosema EF imekufa. Mimi nasema tazama nani anaweza kuinunua. Lenzi ya EF inaingia kwenye kamera ya R kwa adapta, na otofokasi inafanya kazi vizuri. Lenzi ya RF haiingii kwenye 5D wala 700D kwa namna yoyote. Anayeuza EF basi ana wanunuzi wa aina mbili: mwenye kamera ya zamani, na aliyehamia R lakini bado hajapata pesa ya lenzi za RF. Anayeuza RF ana wa aina moja tu.

Hiyo haimaanishi EF ni akiba ya kuweka kabatini. Kamera za kioo zitapungua hata kwetu, na bei itaendelea kuteremka mwaka hadi mwaka. Nunua EF ili ifanye kazi msimu huu na ujao, kisha iuze ingali inatakiwa.

Ndani ya Canon yenyewe kuna mitego. EF-S zimetengenezwa kwa kamera zenye sensa (kipande kinachopokea picha) ndogo, 700D na 80D. Kwenye 6D au 5D hazifungwi. Mnunuzi wako anapungua, lakini wenye kamera hizo ni wengi, kwa hiyo bei inasimama. EF-M ni nyingine kabisa: haihamii EF wala RF, na mfumo wake Canon imeuacha. Hata ukipewa kwa bei nzuri, kumbuka utaitafutia mtu wa kuipokea.

Nikon F ni ya tangu 1959, na lenzi zake za zamani ni nyingi na imara. Lakini uliza kama ni AF-D. Hizo hazina mota ndani, zinategemea mota ya kamera, na kamera ndogo za Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina. Adapta ya FTZ ya kamera za Z, zile mpya za Nikon zisizo na kioo cha ndani, nayo haiziendeshi. Mwenye D5300 atainunua kwa furaha, na jioni atarudi kukudai pesa zake kwa sababu lenzi haishiki fokasi yenyewe.

Kwa Sony E hali ni tofauti kidogo. Sigma na Tamron hutengeneza lenzi nyingi za kiungio hicho, na nyingine ni nzuri kwa bei ndogo. Tamron 28-75 f/2.8 ilitoka mwaka 2018 kwa dola 799, chini ya nusu ya bei ya 24-70 GM, lenzi ya daraja la juu ya Sony yenyewe. Kwa mnunuzi ni raha. Kwa muuzaji ni dari: huwezi kupandisha bei ya GM yako ya zamani wakati mtu anaweza kuagiza Tamron mpya.

Vumbi la kiangazi, unyevu wa mvua

Thamani ya lenzi kwetu inaliwa na hali ya hewa kuliko matumizi. Kuanzia Mei hadi Septemba hakuna mvua, na vumbi jekundu linaingia kila mahali, hasa ukifanya kazi mitaa ya Katuba, Kenya (ile ya hapa mjini) au pembeni ya Annexe ambako barabara ni za udongo. Zumu zinazorefuka unapozungusha, kama 24-105 na 18-135, huvuta hewa ndani, na hewa hiyo ina vumbi. Ile 70-200 f/2.8 ya Canon EF hairefuki. Vioo vinasogea ndani ya mwili wake, kwa hiyo inazeeka taratibu zaidi. Kwa baadhi ya lenzi za L, zile za daraja la juu la Canon, kama 17-40 f/4, Canon yenyewe inasema kinga dhidi ya vumbi haitimii mpaka ufunge filta mbele. Filta hiyo ni ya kwanza kununua.

Chembe chache za vumbi ndani hazionekani kwenye picha. Kuvu ndiyo hatari. Inaota lenzi ikifungiwa mahali penye unyevu na giza, na kati ya Novemba na Machi mikoba yetu iko hivyo. Inaanza kama nyuzi za buibui pembeni ya kioo, na ikikaa inakula ule utandazo wa rangi juu ya kioo, na fundi hawezi kuurudisha. Lenzi ya dola 600 yenye kuvu iliyoingia ndani haiuzwi tena kama lenzi ya dola 600. Sanduku la plastiki linalofunga vizuri, pakiti za silika jeli zinazokaushwa mara kwa mara, na kuitoa lenzi juani kidogo kila wiki: hayo yanalinda bei kuliko maneno yote utakayomwambia mnunuzi. Mkoba wa ngozi uache. Mchele pia, unatoa unga.

Anayekodi hana wasiwasi huo wote. Anarudisha lenzi Jumapili na vumbi lake. Hii ni faida ya kweli ya kodi, hasa kwa kazi za migodini. Lakini ukienda kupiga picha kwenye miji ya migodi, Likasi au Kolwezi, mwambie mwenye lenzi unakoipeleka. Kuna wanaokubali ndoa na kukataa mgodi, na wana haki.

Kukodi kwetu si kukodi kwa Marekani

Ukisoma ushauri wa Wamarekani, utaona wanazungumzia kampuni kama LensRentals, iliyoanza mwaka 2006 kule Tennessee. Lenzi inakuja kwa posta, imepimwa, na kwa malipo ya ziada unapata kinga ikivunjika. Kwetu kodi ni ya mtu na mtu. Unampigia mkubwa wa kazi: «Yaya, Jumamosi unatumia ile 70-200?» Jibu lake linategemea kama naye ana ndoa siku hiyo. Kiangazi, anayo.

Huo ndio udhaifu mkubwa wa kodi kwa Lubumbashi, na haumo kwenye hesabu ya dola. Lenzi zinazokodishwa ni za watu wanaofanya kazi ileile, siku ileile. Unaweza kuahidiwa Jumatatu na kuambiwa Ijumaa usiku kwamba imeshindikana, wakati familia ya bibi arusi imeshakulipa nusu. Ukikodi kwa ajili ya ndoa, toa malipo ya mwanzo na mwandikiane, hata kwa ujumbe wa WhatsApp unaotaja lenzi, saa ya kuichukua na saa ya kuirudisha.

Kisha kuna dhamana. Wengine wanashika kadi yako ya mpiga kura, wengine wanataka kamera nyingine ibaki kwao, wengine wanamtuma kijana wao atembee na lenzi ukumbini. Usimchukie huyo kijana. Mara nyingi ndiye anayekuokoa kubishana baadaye. Maana ukiiangusha lenzi ya kukodi unailipa yote. Hujalipa dola 25 tena, umelipa 800 na lenzi huna. Aliyenunua akiiangusha yake anapoteza vilevile, lakini bado ana kitu cha kupeleka kwa fundi au kuuza kama vipuri. Kabla ya kuondoka nayo, irekodi kwa simu mbele ya mwenyewe: kioo cha mbele, cha nyuma, pete, namba ya utambulisho (serial) ya lenzi. Fanya hivyohivyo ukirudisha.

Mahali ambapo kodi haina mpinzani ni kujaribu kabla ya kununua. Mtu anataka 85mm kwa sababu ameona picha za mwenzake, anaikodi Jumamosi moja, anagundua kwamba kwenye nyumba za Kamalondo hana hatua tatu za kurudi nyuma. Kodi ya siku moja imemzuia kununua lenzi ambayo angeiuza kwa hasara.

Lenzi kwa lenzi

50mm f/1.8. Nunua, usiwaze. Ile ya Canon STM ilitoka mwaka 2015 kwa dola 125. Iliyotumika inashuka chini ya hapo, na kila anayeanza anaitafuta, kwa hiyo haikai sokoni. Kuikodi mara chache tu kunafikia hasara yote utakayopata ukiiuza. Kwenye kamera ya sensa ndogo inaona kama 80mm, kwa hiyo ni ya uso na ya mahari nyumbani ukikaa mbali kidogo, si ya kundi la familia.

24-70 f/2.8, au 17-50 f/2.8 kwa wenye sensa ndogo. Hii ndiyo lenzi ya mkate wako. Inatumika kila kazi, kwa hiyo zile siku za kufanya kununua kushinde kodi zinafika ndani ya msimu mmoja. Nunua iliyotumika. Mwenye 700D asivutwe na jina la 24-70: kwake itaanzia mahali panapoona kama 38mm, na kundi la ukoo mzima mbele ya kanisa halitaingia. Sigma 17-50 itamtosha, na ni nyepesi kuiuza kwa mwenye kamera kama yake.

70-200 f/2.8. Hapa watu wanagawanyika. Kwa ndoa za kanisa kubwa, sherehe za kukabidhi diploma za Chuo Kikuu na mechi za uwanja wa TP Mazembe Kamalondo, hakuna kinachoziba nafasi yake. Toleo la pili la Canon lina uzito wa gramu 1,490, na watu huichoka mkononi kabla hawajaichoka kwa bei. Kama unafanya mpira kila wiki, nunua. Kama ni kanisa mara moja kwa mwezi au chini, rudi kwenye hesabu ya juu na uwe mkweli kwa idadi ya siku. Wawili wanaofanya kazi pamoja wanaweza kuinunua kwa ushirika, ila waandike leo nani atainunua sehemu ya mwenzake wakitengana.

150-600, makro (za kupiga vitu vidogo kwa karibu), lenzi za kupinda picha: kodi. Ni za kazi chache, na siku ya kuuza utamsubiri mnunuzi kwa miezi.

Siku ya kununua na siku ya kuuza

Pesa ya kuuza hupatikana siku ya kununua. Nenda na kamera yako, mchana. Washa tochi ya simu, imulike kupitia nyuma ya lenzi, itazame kwa pembe: nyuzi ni kuvu, utando wa maziwa ni ukungu wa mafuta, vyote viwili ni sababu ya kuondoka. Piga ukuta wa matofali kwa f/2.8, kisha kuza pembe zote nne kwenye skrini. Pembe moja ikiwa na ukungu kuliko nyingine, vioo vimesogea, pengine ilianguka. Tazama skrubu za nyuma. Zikiwa na mikwaruzo, imefunguliwa, na uliza na nani. Mkwaruzo mdogo wa kioo cha mbele hauharibu picha sana lakini unapunguza bei, na hilo ni lako la kujadiliana. Wa kioo cha nyuma unaharibu zaidi. Sikiliza mota na kitulizaji cha mtikisiko. Sauti ya kukwaruza ni gharama ya fundi, na kwa lenzi za zamani vipuri huenda havipo tena.

Bei ya kukadiria itazame kwa wauzaji wakubwa wa mitumba wa nje, kama KEH wa Marekani walioanza 1979 au MPB wa Brighton, Uingereza, walioanza 2011. Ni kipimo, si bei yetu. Lenzi iliyokwisha kufika Lubumbashi imeshalipiwa usafiri, pengine na ushuru wa mpaka wa Kasumbalesa, na mnunuzi anaweza kuishika kwa mkono kabla ya kulipa. Hilo lina thamani yake, na ukiuza una haki ya kulidai.

Ukifika wakati wa kuuza, toka na boksi, vifuniko viwili, hudi (kikinga mwanga) ya mbele na ile mifuko yake. Vitu hivyo vidogo ndivyo vinavyomfanya mnunuzi aamini kwamba lenzi ilitunzwa. Mwonyeshe picha ulizopiga nayo mwezi huu. Mkiafikiana, hesabuni dola pamoja na uzitazame moja moja kwenye mwanga: noti yenye mpasuko hata wa milimita chache hakuna atakayeipokea kwako kesho, na mnunuzi anajua. Kisha andikianeni karatasi yenye namba ya utambulisho (serial) ya lenzi na tarehe, nakala moja kila mmoja.